Watu Tisa wa Nyumba ya Agata

"Katika Buffalo nzima haijachapwa fomu ya kunishinda mimi," alisema Ferdinandi, kwa sauti ya mtu anayetaka hata jirani wa nyumba ya tatu asikie. "Wale watu wa manispaa nawajua mpaka wanavyokohoa. Niachie mimi, dada. Kabla theluji haijaanguka utakuwa na paa jipya."

Ilikuwa mwezi wa tano, na alikuwa amesimama sebuleni kwa dada yake Agata, kule East Side ya mji wa Buffalo, Marekani, shingo kaipinda akitazama dari. Dari ilikuwa na doa la maji lenye ukubwa wa mkeka wa watu wawili, na kila mvua iliponyesha doa lilijiongezea eneo bila kumwomba mtu ruhusa.

Nyumba hiyo Agata na mumewe waliinunua kwa jasho la miaka kumi ya kufunga biskuti kiwandani. Sasa mume hayupo. Wapo Agata na wanawe wawili, Angelika na Reginaldi, na paa lililozeeka kuliko wote watatu ukiwajumlisha. Baridi iliyopita walivihama vyumba vya juu wakalala sebuleni kama abiria waliokosa basi. Fundi aliitwa. Akapanda, akashuka, akataja bei, na Agata akamkaribisha chai, kwa sababu hiyo ndiyo fedha aliyokuwa nayo. Akiwa mlangoni fundi alisema: theluji moja nyingine nzito, mama, na hiyo dari mtaikuta mezani.

Ndipo likaja tangazo kanisani. Kila mwaka serikali ya Washington huigawia miji fedha za makazi ya watu wa kipato cha chini, na Buffalo ilikuwa imetenga fungu la kuwaezekea upya wenye nyumba wasiojiweza. Fomu zilikuwa tayari, na mwisho wa mwezi mlango ungefungwa.

"Nitakwenda ofisini kwao wanijazie," alisema Agata. "Wana mkalimani."

"Wakujazie wao?" Ferdinandi alicheka kwa pua. "Dada, tangu lini fisi akamwandikia mbuzi barua?"

"Wewe umewahi kujaza fomu gani?"

"Niulize ambayo sijajaza."

Ferdinandi alikuwa msafishaji kwenye majengo ya chuo kikuu huko Amherst. Kwa kuwa miaka sita mfululizo alisukuma dekio kwenye korido za maprofesa, aliamini kwamba elimu ni kama vumbi: ukipita karibu nayo kila siku lazima ikushike. Alitembea na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Moja haikuandika, lakini ilikuwa ya chuma na iling'aa.

Akaketi mezani, akavaa miwani ya kusomea aliyoinunua dukani bila kupimwa, akaanza. Jina la mwenye nyumba. Mtaa. Mwaka nyumba ilipojengwa. Mpaka hapo alikwenda kama gari kwenye lami. Halafu akafika kwenye swali lililouliza ni watu wangapi wanaishi katika nyumba hii, na waorodheshwe wote.

Akaweka kalamu chini, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani ugenini. Swali hilo alikuwa amelijibu ujana wake wote.

Katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kigoma walikokulia, mwenye kadi ya watu watatu alikwenda kwenye mgao akarudi na chakula cha watu watatu, na chakula hicho kiliandikwa cha wiki mbili kikaisha siku ya tisa. Mwenye kadi ya watu tisa alirudi anatafuta wa kumsaidia kubeba. Kwa hiyo hapakuwa na familia ndogo pale kambini. Kulikuwa na binamu wa kuazima, shangazi wa kuazima, na watoto waliohesabiwa nyumba hii asubuhi na nyumba ile mchana, wamegeuza shati tu. Marehemu walichelewa sana kufa kwenye kadi. Hakuna aliyeuita wizi. Iliitwa akili, kwa sababu jina lisiloandikwa halili, na bingwa wa akili hiyo katika safu yao yote ya mahema, tangu ana miaka kumi na minane, alikuwa Ferdinandi.

Basi akapima. Watu watatu nani atawahurumia? Watu watatu hata mwavuli unawatosha. Akaandika tisa.

Agata, Angelika, Reginaldi. Akajiandika yeye mwenyewe, ingawa alikuwa amepanga mitaa minne kutoka hapo, na mwanawe Medard mwenye miaka ishirini. Akamleta mdogo wao Nestori kutoka Louisville pamoja na mkewe, kwa mkupuo mmoja wa kalamu, bila nauli. Akamleta binamu yao Florida kutoka Columbus. Mwisho akamfufua mjomba Yonasi, aliyezikwa Kigoma miaka mingi iliyopita, na pembeni ya jina lake akaandika: mzee sana, hati zake zinakuja.

Fomu ilitaka kila mtu mzima aonyeshe anapofanya kazi na anacholipwa. Hilo Ferdinandi hakuliona kama mtego. Aliliona kama heshima. Akampigia Nestori.

"Nitumie hati zako za mshahara."

"Za nini?" Nestori alipanga vifurushi kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Louisville, na wakati wote alizungumza kama mtu anayesimama kwenye mkanda unaokwenda. "Mara ya mwisho uliomba picha yangu, nikajikuta mwanachama wa ushirika wa kufuga sungura."

"Ni za paa la dada yako. Au unataka limwangukie?"

"Usinitishie dada yangu. Wewe ndiye unayemwangukia kila siku." Kisha akashusha sauti. "Nitume zipi?"

"Zilizo nzuri."

Nestori akatuma za mwezi wa Desemba, wiki zile za Krismasi alizofanya kazi mpaka akasahau rangi ya ukuta wa chumba chake. Zilikuwa zimejaa ovataimu. Akaongeza na ujumbe: "Waone kwamba ukoo wetu hauna wavivu."

Florida hakupigiwa. Ferdinandi alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya zamani. Florida alifiwa na wazazi kambini akiwa na miaka minane. Ferdinandi akamwandikisha haraka kwenye kadi ya kwao, na mahindi ya Florida yakaliwa kwao, wakati Florida mwenyewe alilishwa na bibi mmoja wa upande wa pili wa kambi ambaye kadi yake haikuwa na jina la mtoto yeyote. Mpaka leo Florida alimwita Ferdinandi "kaka" kwa sauti ambayo wengine huitumia kusema "funza". Sasa alikuwa mama wa miaka thelathini na sita, ana kazi kwenye ghala upande wa Gahanna na nyumba yake mwenyewe mjini Columbus. Kumwuliza kulikuwa kujitafutia matusi. Ferdinandi akaandika jina la ghala lake, basi. Ofisi ilikuwa na karatasi nyingine ya kumwulizia mtu kwa mwajiri wake. Hiyo nayo akaijaza, na mahali pa sahihi ya Florida akatia yake.

"Saini hapa," alimwambia Agata.

Agata alikuwa anawahi zamu, begi begani. "Umeandika nini?"

"Ukweli. Ila nimeutia nyama kidogo."

"Ferdinandi."

"Dada, unataka paa au unataka mtihani?"

Agata akasaini amesimama. Chini yake, mahali pa aliyesaidia kujaza, Ferdinandi akaweka sahihi yake yenye mkia mrefu kama wa kima.

Mwezi wa nane Florida alimpigia Ferdinandi simu mara kumi na moja. Ferdinandi alidhani ni mchango wa harusi, akaiacha iite. Watu wa michango alikuwa anawajua: ukiwanyamazia wiki mbili, wanahamia kwa mwingine. Florida akatuma ujumbe wa neno moja, "Nipigie," na Ferdinandi akaufuta, ili usimharibie siku.

Barua ya ofisi ilifika mwezi wa tisa, kurasa mbili. Agata alimpigia kaka yake kabla hata hajaifungua. Ferdinandi akaja, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza. Waliomba radhi. Akageuza wa pili. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kwa mambo ya sabuni na funguo, lakini hata hivyo aliona namba tisa, akaona namba ya mishahara yote imejumlishwa, na chini yake namba nyingine ndogo zaidi iliyoitwa kikomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona kadi ambayo ukiongeza watu wanakupunguzia.

"Wanasemaje?" aliuliza Agata.

Angeweza kusema. Ni maneno manne tu: nilikosea, twende ofisini tukarekebishe. Lakini mdomo wa Ferdinandi haukuwahi kufunzwa maneno hayo.

"Wametukataa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nyingine? Sisi ni wakimbizi. Mapaa ni ya wenyewe."

Agata alikaa kwenye kiti. Hakulia. Alikunja mikono, na alipoikunjua alikuwa na uso ambao Ferdinandi aliuogopa tangu utotoni.

"Basi twende tukawaambie hivyo hivyo. Mbele ya watu."

"Twende wapi?"

"Mwezi ujao kuna mkutano. Manispaa wanawaita wananchi waseme hizo fedha za mwakani ziende wapi. Umetangazwa kanisani. Utasimama, utasema. Si unawajua mpaka wanavyokohoa?"

Siku zile zote alitafuta namna ya kuugua, akaikosa. Na kwa kuwa mtu aliyeshindwa kushuka mtini huanza kusifia upepo, siku moja kabla ya mkutano Ferdinandi alijirekodi sauti akaituma kwenye kundi la ukoo, Buffalo, Louisville na Columbus wote wasikie: "Kesho saa kumi na moja na nusu jioni, ukumbi wa maktaba, naishtaki manispaa. Atakayetaka kujifunza aje."

Nestori alijibu kwa picha ya sungura. Florida hakujibu.

Ukumbi ulijaa. Mbele aliketi mama mmoja wa ofisi ya makazi, nywele za mvi, miwani ameipandisha utosini, na faili limelala mbele yake. Pembeni yake alikuwa Adolphine, mama wa Kikongo kutoka Kivu, mkalimani, mwenye kipaza sauti chake na sura ya mtu aliyesikia uongo wa kila lugha. Mlangoni palibandikwa utaratibu: kila mkazi wa Buffalo ana dakika tatu. Maneno yote yanarekodiwa.

Yule mama wa ofisi alieleza kwanza, na Adolphine akamfuata nyuma. "Bon. Anasema hii makuta, hii feza, haiko yao. Inatoka Washington. Kila mwaka banaandika mpango, banaita batu baseme, banangoja siku makumi tatu ya maoni, kisha banatuma. Fungu ya mapaa, fungu ya njia ya miguu, fungu ya kutoa rangi ya zamani yenye sumu mu manyumba ya batoto. Na kila nyumba iko na faili. Washington bakikuja kukagua, banafungua faili na kuuliza: huyu mulimusaidia sababu gani?"

Watu wakasema. Mmoja akataka taa mtaani. Mwingine akalalamika kuhusu uwanja wa watoto. Halafu likaitwa jina la Ferdinandi.

Alitumia dakika nzima kusalimia. Kiingereza alikiacha kwenye kiti. Akasema Kiswahili, kwa sauti ya mimbarini.

"Dada yangu ni mjane. Ana watoto. Paa linavuja. Tukajaza fomu yenu, tukaijaza vizuri, tukajibiwa hivi." Akainua barua juu. "Nataka isomwe hapa, watu wasikie mnavyotufanyia."

Mama wa ofisi alitikisa kichwa. Adolphine akatafsiri: mambo ya faili ya mtu hayasemwi hadharani, waje kesho ofisini, watapokelewa.

"Wanaogopa," Ferdinandi aliuambia ukumbi. "Mmeona?"

"Isomwe," alisema Agata kutoka kitini. "Mimi ndiye mwenye nyumba na nimeruhusu. Sina siri na paa langu. Mvua yenyewe inapita inachungulia."

Watu wakacheka, Ferdinandi akampa Adolphine barua, mtulivu kabisa. Alikuwa na haki ya kutulia: aliobeba ni ukurasa wa kwanza tu, ule wa kuomba radhi. Adolphine akaisoma. Wanasikitika, ombi halikukubaliwa, sababu zimeelezwa ukurasa wa pili.

"Na ukurasa wa pili?" aliuliza Adolphine.

"Hiyo ndiyo yote," alisema Ferdinandi.

"Huu hapa," alisema Agata. "Uliuacha juu ya friji, kaka."

Ukapita mkono kwa mkono, safu kwa safu, na Ferdinandi akaufuata kwa macho kama mtu anayetazama ndala yake ikichukuliwa na mto. Adolphine akausoma kwanza kimya. Akamtazama. Akasoma kwa sauti.

"Donc, inasema hivi. Mu nyumba munaishi batu tisa. Bakubwa ni saba. Batano kati yabo bako na kazi. Mishahara ya bote batano, ukiweka pamoja, inapita kipimo ya familia ya batu tisa. Ni sababu hiyo banakatala."

Sauti ya Rutebuka ikatoka safu ya tatu. Rutebuka alikuwa jirani wa Agata. Mwaka uliopita alipata paa lake kupitia mpango huohuo, na tangu hapo Ferdinandi hakumpenda.

"Tisa? Nyumba ya Mama Angelika? Wanalala kwa zamu?"

"Nyamaza wewe," alisema Ferdinandi.

"Mimi tuko wanne, tukaandika wanne. Sikujua kuna bei ya jumla."

Vicheko vikapita ukumbini. Agata hakucheka. Alisimama polepole, mkono umeshika kiti cha mbele.

"Kaka. Hao tisa ni akina nani?"

"Nitajuaje? Ofisi imechanganya mafaili. Mafaili yako mengi, wameshindwa, wamemwekea Agata watu wa nyumba nyingine."

Adolphine alitafsiri. Mama wa ofisi alishusha miwani kutoka utosini, akamtazama Ferdinandi, akasema maneno machache bila haraka.

"Anasema hivi," alisema Adolphine. "Kama ni kosa ya ofisi, kesho asubuhi banafungua faili tena. Mama moja na batoto babili, mushahara moja, anaingia mu kipimo bila shida. Mafundi bangali na nafasi mbele ya theluji. Lakini kama hiyo orodha ilitoka kwa upande ya mama, basi ni kuanza upya, wakati ya masika, mpango mupya ukisha kutoka. Donc anauliza, papa: uko hakika ni sisi tulikosea?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana kama wa kanisa. Ferdinandi alimtazama Agata. Macho ya Agata yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa yanamwomba aseme jambo ambalo Agata mwenyewe hakuliamini. Uongo mmoja mdogo, na paa linaezekwa mwezi huu. Tena hata si uongo, alijiambia. Ni kurudisha kwenye ukweli kitu kilichopotea njiani.

"Nina hakika," alisema. "Niliandika watu watatu. Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Naomba nafasi."

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Mwanamke alikuwa amesimama karibu na mlango, koti bado amelivaa, funguo za gari mkononi. Alikuja mbele bila kusubiri kuitwa, na watu wakamsogezea miguu, kwa sababu alitembea kama mtu aliyeendesha saa tano bila redio.

"Naitwa Florida," alisema kwenye kipaza sauti. "Mwezi wa nane msimamizi wangu wa kazi aliniita akanipa karatasi iliyotoka kwenye ofisi hii. Akaniuliza nimehamia Buffalo lini. Nikamwambia Buffalo naijua kwa picha za theluji."

"Binamu," alisema Ferdinandi taratibu, "tutaongea nyumbani."

"Nimepiga simu mara kumi na moja tuongee nyumbani." Hakumtazama. "Nyumba yangu niliinunua kwa msaada wa mji wa Columbus. Ni fedha hizihizi za Washington. Sharti lao ni moja: niishi mle ndani miaka kumi. Kila mwaka wananiletea barua nasaini kwamba bado nipo. Sasa kuna karatasi ya serikali inayosema naishi hapa kwenu. Kama ni kweli, Columbus mimi ni mwongo, na nyumba yangu inaondoka. Kambini mtu huyu alinilia mahindi. Leo anataka kunilia nyumba."

Ukumbi ulitoa mguno mmoja mrefu. Akili ya Ferdinandi, ile akili ya Mtabila iliyowahi kugeuza watu wanne kuwa kumi na mmoja kabla ya chai, ilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kisha ikatua kwenye tangazo la mlangoni. Mkazi wa Buffalo. Dakika tatu ni za mkazi wa Buffalo.

"Mama mkalimani," alisema, amepata nguvu upya, "mwambie huyo mkubwa wako afuate utaratibu. Huyu mwanamke si mkazi wa mji huu. Hana haki ya kusema hapa. Anaishi Columbus, mwaka wa saba sasa, nyumba yake mwenyewe, ya matofali, ina kibaraza. Kwa Agata hajawahi kulala hata usiku mmoja. Hata maji ya kunywa hajawahi kunywa pale. Atolewe."

Adolphine alitafsiri yote, mpaka kibaraza.

"Asante, kaka," alisema Florida, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilitoka likiwa safi. "Nimekuja kutafuta mtu mmoja tu wa kusema hivyo mbele ya ofisi, kwenye rekodi. Sikudhani utakuwa wewe."

Kisha akafungua koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele ya mama wa ofisi. Haikuhitaji mkalimani, ilikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa ile karatasi ya mwajiri. Chini kabisa, kwa wino mzito, palikuwa na mstari ulioandikwa kwa mkono: Florida analala katika nyumba hii kila siku. Kwa kuwa yuko kazini, nasaini kwa niaba yake, mimi kaka yake. Na sahihi.

Agata alikuwa ameshafika mbele. Aliinama juu ya meza akaitazama sahihi ile na mkia wake mrefu. Hakuuliza ni ya nani. Akajinyoosha.

"Wakati wa masika ndiyo lini?" alimwuliza Adolphine.

"Mwezi wa ine, mama. Labda wa tano."

"Na theluji?"

Adolphine hakutafsiri swali hilo. Mama wa ofisi hata hivyo alilielewa. Alilifunga faili polepole, akalisogeza kando, halafu akaigeukia tena karatasi ya Florida, kidole kikiwa kwenye mstari wa chini, na kumwuliza Adolphine jambo kwa sauti ndogo.

Ferdinandi alijua anachoulizia. Aliinama akamkaribia Adolphine mpaka akasikia harufu ya mafuta yake ya nywele.

"Mama," alinong'ona, "yale niliyosema, kwamba hajawahi kulala hata usiku mmoja. Hayo usimwambie."

Adolphine alimtazama bila kuondoa kipaza sauti mdomoni.

"Nilishamwambia, papa," alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Sasa anataka uvirudilie, useme tena, pole pole, na jina yako yote."